Bangili Niliyoikata kwa Meno

Nilikuwa nimejizuia vizuri mpaka yule dada wa mapokezi alipotaja nyuma ya jikoni.

Kabla ya hapo nilikuwa mpole. Nilimwamkia. Nilimweleza, mtoto akiwa begani, kwamba mume wangu amezuiwa kwenye geti la ufuoni, kwamba amekaa nje mchangani muda wote nilipokuwa nikinyonyesha, kwamba ni mgeni wao kama mimi, tunalala chumba kimoja, na asubuhi tulikula meza ile pale anayoiona. Yule dada akatabasamu. Ana tabasamu zuri, hilo silikatai.

"Nimekuelewa, madam. Kwa leo tufanye hivi. Mwambie azunguke, apitie geti la wafanyakazi, lile la nyuma ya jikoni. Kuna bomba pale, ataosha miguu. Halafu apande ngazi za nyuma, asipite kwenye bwawa la kuogelea. Wageni wamemwona kule nje na wale wachuuzi. Hatutaki waanze kuuliza maswali."

"Wageni gani?"

"Wageni wetu."

"Na yeye ni nani?"

Tabasamu likabaki palepale. "Ni kwa ajili yake pia, madam. Asione aibu."

Nilimhamishia mtoto bega la pili. Nikainua mkono wangu wa kulia, ule wenye bangili yao ya plastiki ya buluu, nikauweka mdomoni. Zile bangili zimetengenezwa zisikatike. Niliitafuna kama mtu anayefungua paketi ya maziwa dukani hana makasi. Mtoto akadhani ni mchezo, akacheka kwa sauti, na mzee mmoja Mzungu aliyekuwa akingoja ufunguo akageuka kutazama. Ilipokatika niliiweka juu ya kaunta, ikiwa bado na mate.

"Sasa hapa tuko wawili ambao si wageni wenu," nikasema. "Niambie na mimi nipitie wapi."

Nataka niseme tulifikaje hapo, kwa sababu ukisikia mwanamke amekata kitu kwa meno mbele ya watu utadhani ana kichaa. Sina kichaa. Nilikuwa na mume.

Mume wangu ni mchongaji. Kwao Ukambani wanaume wote wa ukoo wao huchonga, na yeye alifundishwa na mjomba wake kabla hajajua kuandika jina lake. Tunaishi chumba kimoja nyuma ya mtaa wa Fedha, Nairobi. Asubuhi hukatiza Mukuru kwa Njenga kwa miguu mpaka karakana yao, na jioni huniletea nyumbani unga wa mbao ndani ya mifuko, ndani ya masikio, hata ndani ya soksi. Mimi huchukua nguo za watoto kule Eastleigh na kuziuza kwenye kibanda changu karibu na steji. Anachochonga yeye si cha sisi. Twiga, vifaru, pomboo, vyote ni vya wageni. Kuna nyumba huko ng'ambo ambazo kazi yake imekaa juu ya kabati miaka na miaka, na mwenyewe hajawahi kukaribishwa popote akakaa tu. Akisafiri, ni matanga au ni kupeleka mzigo. Hata siku ya harusi yetu picha nyingi zinamwonyesha akibeba mabenchi.

Kwa hiyo zamu yangu ya kupokea pesa za chama ilipofika, na wenzangu wakaniuliza kama ninanunua friji, nikawaambia ninampeleka baba mtoto Mombasa.

"Kufanya nini?"

"Kuwa mgeni."

Wakacheka. Mmoja akauliza, "Na mtoto?"

"Anaenda. Ananyonya. Titi haliachwi nyumbani."

"Fungate gani hiyo ya kubeba nepi?"

"Yangu," nikamjibu.

Nilikuwa na mambo mawili tu kichwani. La kwanza, mtu mmoja, mahali pamoja, amfungulie mume wangu mlango na kumwambia karibu, naye aingie, akae, asiinuke kuosha sahani. La pili ilikuwa bahari. Hakuwa ameiona hata siku moja. Pomboo wote aliowachonga aliwatoa kwenye picha ya kalenda. Mtoto alifika na mafua, kwa hiyo tukakubaliana: hatutaingia majini mmoja mmoja. Tutangoja pua yake ikauke, na alasiri ya mwisho tutaingia sote watatu kwa pamoja. Yeye ndiye aliyelisema hilo, kule kwenye treni, uso wake ukiwa kwenye kioo cha dirisha. "Hakuna kutangulia, Mama Toto. Hata kidole."

Akashika neno lake. Siku zote zile alikuwa akisimama pale maji yanapoishia na kurudi nyuma wimbi likija, kama mtu anayekwepa matope.

Sasa, ile bangili. Siku tuliyofika, kijana wa hoteli alituambia tunyooshe mikono, akatufunga. Ilikuwa alama ya mgeni: ukiwa nayo unakula, unaogelea, unaingia na kutoka. Mtoto hakufungwa kwa sababu ni mdogo. Mume wangu aliitazama yake kama pingu. Usiku huohuo aliikata kwa kisu chake kidogo, akaikunja vizuri, akaiweka kwenye mfuko wa shati na kuufunga kifungo.

Sikuona ajabu. Mchongaji hakai na kitu mkononi. Mjomba wake aliwafundisha hivyo kwa kuwachapa viganja: saa, uzi, bangili, pete, vyote hutolewa kabla hujagusa chuma, kwa sababu kitu kikinasa, kisu hakiendi unakotaka wewe. Pete yake ya ndoa hushinda wiki nzima kwenye msumari juu ya kitanda chetu, ikavaliwa Jumapili. Wanawake wa ploti yetu walishanihurumia kwa sababu hiyo. Nami nikawaambia waume wao wana pete na hawarudi nyumbani, wangu ana vidole kumi na anarudi. Na kisu chenyewe hakimtoki. Wengine hutafuna kucha, yeye huchonga. Ukimpa njiti ya kibiriti atakutengenezea korongo.

Kwenye chumba cha kulia hakuna aliyemwuliza, wala getini tulipopita pamoja. Mimi nilikuwa na yangu, na mtoto alikuwa ameshazoeana na wahudumu wote kiasi cha kupokezanwa meza hadi meza. Tatizo la mume wangu humo ndani lilikuwa jingine. Akimaliza kula, anasimama na sahani. Nikimkanyaga mguu chini ya meza, anakaa. Baada ya dakika moja mkono unaanza tena kukusanya vijiko. Na kitanda alikitandika kila asubuhi, akakunja na taulo, mpaka mama wa usafi akaja kugonga akiwa amejishika kiuno.

"Baba, kwani kuna mtu amelala hapa?"

"Tumelala, mama."

"Basi niachie kazi yangu. Mkubwa wangu akiona chumba hiki atasema mimi sina haja ya kulipwa."

Akamwomba msamaha. Kesho yake akakivuruga kitanda kidogo kabla ya kutoka, ili mama yule apate cha kufanya. Mimi nilitazama haya yote nikiwa nimelala na mtoto kifuani, nikawaza, mtu huyu nitamfundishaje kupumzika.

Tulitembea sana mjini. Kwenye yale mapembe ya ndovu ya Barabara ya Moi mimi nilitaka picha, yeye akayagonga kwa kifundo cha kidole na kuniambia, "Mabati." Lakini tulipofika Mji wa Kale nilimpoteza. Simaanishi alipotea. Alikuwa palepale, ila alikuwa amekutana na milango.

Wewe unaweza kupita mbele ya mlango wa aina ile ukasema, mzuri, ukaendelea. Yeye alisimama mbele ya mmoja, akafuta kiganja kwenye suruali, akauweka mkono wake juu ya maua yaliyochongwa kwenye fremu, na kuufuata mchoro kutoka chini kwenda juu, polepole, mdomo wazi kidogo. Hivyo hivyo ndivyo alivyomshika mtoto wetu siku aliyozaliwa. Nilikuwa nimeanza kulalamika kuhusu jua, nikaacha.

Mlango ukafunguka mkono wake ukiwa bado juu yake. Akatokea mama mmoja wa makamo, leso kichwani, na unga kwenye vidole.

"Mwamtafuta nani?"

Mume wangu akaondoa mkono haraka. "Hatutafuti mtu, mama. Tunaangalia mlango."

"Mwautazama kwa mikono?"

"Mimi ni mchongaji, mama. Samahani."

Akatuangalia, mmoja mmoja, akaishia kwa mtoto. "Na huyu mwampitisha juani namna hii, kichwa wazi? Karibuni ndani. Mlango ni huohuo hata kwa upande wa huku."

Tuliingia. Palikuwa na ubaridi na harufu ya iliki. Alitupa mahamri na mbaazi na chai, akamchukua mtoto na kumpepea kwa pepeo la ukili, akatuuliza habari za bara kama watu anaowajua. Kikombe kilipoisha mume wangu alisimama nacho, kama kawaida yake, akitafuta jikoni ni wapi.

"Keti," yule mama akamwambia, bila kupandisha sauti. "Kwangu mgeni haoshi kikombe."

Akaketi. Nilimwona akiketi. Mabega yakashuka, mgongo ukaegemea kiti, mikono ikabaki juu ya magoti haina kazi. Nilishughulika na nepi ya mtoto ili asinione macho.

Tulipotoka alitembea mpaka mwisho wa kichochoro. Kisha akasema, "Hata hakuniuliza nimetumwa na nani."

Sasa alasiri ya mwisho. Pua ya mtoto ilikuwa imekauka. Nilikuwa nimemvalisha suruali ndogo ya kuogelea ambayo mama mmoja ninayenunua kwake Eastleigh alinipa, akisema mtoto wa kike asiingie baharini kama kuku aliyenyonyolewa. Lakini alitaka kunyonya kwanza. Mume wangu akasema atatangulia kupeleleza, atafute mahali pasipo na mwani mwingi na mawe, halafu aje atuchukue. "Hakuna kutangulia," nikamkumbusha. "Nitaangalia tu," akasema. Simu yake akaiacha kwenye chaji.

Nikanyonyesha, tukalala. Nilipoamka jua lilikuwa limehamia dirisha la pili na yeye hajarudi. Nikamfunika mtoto kwa leso, nikambeba begani, nikashuka.

Geti la ufuoni ni la mbao, fupi, linanifika kifuani. Mlinzi alikuwa amesimama kwenye kivuli chake, na ng'ambo ya geti, mbali kidogo, chini ya turubai la wachuuzi, nikamwona mume wangu amekaa mchangani. Alikuwa na kisu mkononi na kipande cha mti kilichotupwa na bahari, na wachuuzi wamemzunguka, mmoja wao akiwa mwanamume mwenye ubao wa vishikizo vya funguo shingoni.

Nikatoka kwenda kwake. Yule wa vishikizo alikuwa akimcheka.

"Kaka, huyo si pomboo. Umemwekea mkia wa samaki changu."

"Mkia wa samaki husimama," akasema mume wangu.

"Wa samaki, ndiyo. Pomboo mkia wake umelala, kama jembe. Kwani wewe pomboo ulimwona wapi?"

"Kwa kalenda."

Wakaangua kicheko wote, naye akacheka nao, akaanza kuulaza ule mkia. Ungemwona hivyo ungedhani mambo ni mazuri. Lakini mimi ninakijua kile kicheko. Ndicho anachokicheka mnunuzi akimrudishia kazi ya mwezi mzima kwa sababu twiga mmoja ana shingo fupi.

"Mbona hukurudi?" nikamwuliza.

Akapuliza vumbi la mbao. "Nimekataliwa getini."

"Kivipi umekataliwa?"

"Sina bangili mkononi. Nikamtolea ile ya mfukoni, akasema iliyokatwa si kitu, watu huziokota. Nikamtajia chumba. Akasema kila mtu hutaja chumba. Nikakaa." Alinena kama anayesoma habari za mtu mwingine. "Hawa walinipa dafu. Walinipa na kivuli."

"Ungepiga kelele. Ungeniita."

"Nipige kelele nikiwa na kisu?"

Yule wa vishikizo akanisogezea ndoo nikae. "Dada, usimlaumu shemeji. Sisi wenyewe tulipomwona anachonga tulidhani amekuja kutuharibia soko. Tulikuwa tushamwandalia matusi."

Sikukaa. Mume wangu akaitazama bahari, kisha akautazama ule mti mikononi mwake. "Twende tukafunge mizigo, Mama Toto. Bahari nimeshaiona. Inatosha."

Hiyo sauti. Nilijua akirudi Nairobi bila kuingia majini hataingia tena maisha yake. Atachonga pomboo mpaka azeeke, na mtu akimwuliza kuhusu pwani atasema, ni pazuri, kwa watu wake. Mimi sikumleta huko kote aje ajifunze kwamba yeye si mmoja wa watu hao.

"Usiende kugombana," akaniita nyuma.

Kwa mlinzi nilifika nimeshachemka. "Wewe soja, una redio hapo kiunoni. Ulishindwa kuuliza?"

Hakujitetea kwa kelele. Alikuwa kijana, shati limembana shingo. "Niliuliza, dada."

"Ukaambiwa nini?"

Akaangalia kule hotelini, kisha akaniangalia. "Nilisema kuna mtu anataja chumba fulani. Mapokezi wakaniuliza, anafananaje? Nikasema nilichoona. Ana kaptula, ana kisu, ana kipande cha mti. Wakasema, huyo si mgeni." Akashika ile redio. "Mimi ninafuata ninachoambiwa. Lakini niliuliza."

"Hawakukuuliza nambari ya chumba? Wapige simu kule juu, mimi nipokee?"

"Niliitaja mwenyewe. Waliuliza anafananaje."

Hasira yangu ikamwacha yule kijana, ikapanda ngazi na mimi mpaka mapokezi, kwa dada wa tabasamu. Yaliyotokea hapo nimeshayasema. Alipoiona bangili imelala kwenye mate yangu alisema ataita meneja. Nikamwambia amwite, kwa sasa mimi nina ahadi.

Nilirudi getini. Mlinzi akautazama mkono wangu.

"Dada, ukitoka bila bangili sitaweza kukurudisha."

"Najua."

"Nitaulizwa."

"Wakikuuliza ninafananaje, waambie mama mwenye hasira na mtoto."

Akanifungulia geti. Akageuza uso, lakini niliona anacheka.

Mume wangu alikuwa ameshasimama, anapangusa mchanga, akiwashukuru wale watu kwa dafu. Nikamwonyesha mkono wangu mtupu. Akaushika, akaugeuza huku na huku, akagusa pale plastiki iliponikwaruza.

"Umeikata na nini?"

"Meno."

"Meno yaleyale ya paketi ya maziwa?"

"Nina mengine?"

Na hapo akacheka cheko lake hasa, lile linalomfanya ainame. "Sasa tutalala wapi?"

"Mtoto peke yake ndiye wanayemtambua. Atatuombea."

Kabla hatujasogea alimpa binti yetu ule mti. Ulikuwa pomboo sasa, mkia umelala kama jembe. Mtoto akautia mdomoni, akakunja uso wote, akautoa, akautazama, akaurudisha. Chumvi. Hivyo ndivyo alivyoionja bahari kabla haijamgusa.

Yule wa vishikizo akatuelekeza mahali pasipo na mawe. Mume wangu akamkabidhi kisu amshikie. Sijawahi kumwona akimpa mtu kisu chake, hata mimi. Tukaenda. Maji yalipofika vidole akasimama, akanishika mkono, na mkono mwingine akamkumbatia mtoto, akasema, "Kwa pamoja." Wimbi likaja, safari hii hakurudi nyuma. Lilikuwa la uvuguvugu kama maji ya kuogeshea mtoto. Mimi nilikuwa na gauni. Sikujali. Tulienda mpaka maji yakanifika kiunoni, na binti yetu akayapiga maji kwa pomboo wake, akishangaa kila mara kwamba yanamrudia usoni. Mume wangu alichota kwa kiganja, akaonja, akatikisa kichwa kama mtu aliyethibitisha jambo.

"Haiishi," akasema.

"Nini?"

"Hii bahari. Kwenye kalenda kuna mwisho."

Nilimwegemea. Tulikaa humo mpaka vidole vya mtoto vikakunjamana, nikasema basi, atapata tena mafua.

Kurudi, nilikataa geti la ufuoni na nilikataa lile la jikoni. Tulitembea kando ya ukuta mpaka barabarani, tukazunguka, tukafika geti kubwa la mbele, lile wanaloingilia wageni na masanduku. Mzee wa geti hilo alikuwa ametupokea siku tuliyofika. Alituona tumelowa, mchanga mpaka magotini, akapiga saluti na kusema, "Karibuni, bahari imewatendea vizuri?" Tukapanda zile ngazi, tukapita kwenye vigae vinavyong'aa, maji yakichuruzika kutoka kwenye gauni langu, katikati kabisa ya ukumbi. Yule dada akapata kitu cha kusoma kwenye kompyuta. Mume wangu alitaka kuchukua kitambaa apanguse sakafu. Nikamshika kiwiko.

Asubuhi aliniambia niachane nayo. "Tumeogelea. Yameisha."

"Ya kwako yameisha. Haya ni yangu."

Nikamwambia amchukue mtoto, waende majini tena wakati ninaandika. Mapokezi nilionyeshwa kisanduku cha maoni na kadi zenye nyuso za kucheka na kununa, mtu anachagua uso. Nikawaambia sitaki uso, nataka karatasi. Niliandika nakala mbili, kwa mpangilio tuliofundishwa shule, anwani mbili na kila kitu. Meneja akatoka ofisini mwenyewe. Alikuwa mtu wa heshima, akasema jambo hili tunaweza kulimaliza kwa mazungumzo, akatukaribisha chakula cha mchana cha bure. Nikamwambia asante, tuna treni, naomba agonge muhuri kwenye nakala yangu kwamba imepokewa. Akasema si lazima. Nikamwambia ni lazima. Mimi nimekulia mahali ambapo barua isiyogongwa muhuri hufungiwa maandazi.

Akagonga. Nakala yangu ninayo mpaka leo, na imesema hivi:

Kwa Meneja,

KUH: MALALAMIKO KUHUSU MUME WANGU KUZUIWA KWENYE GETI LA UFUONI

Ninaandika kulalamika rasmi. Jana alasiri mume wangu, ambaye ni mgeni wa hoteli hii, alizuiwa kuingia kutoka ufuoni. Ni kweli hakuwa na bangili mkononi. Alikuwa nayo mfukoni. Kazi yake ni ya kisu na hawezi kufunga kitu mkononi, na hakuna aliyemwuliza sababu.

Simlalamikii mlinzi. Mlinzi alifanya kazi yake na aliuliza kwa redio. Naomba asiadhibiwe, na asiadhibiwe kwa kuniambia ukweli. Ninamlalamikia aliyejibu ile redio. Alitajiwa nambari ya chumba akaiacha, akauliza mtu huyo anafananaje. Baada ya hapo nilishauriwa mume wangu apitie nyuma ya jikoni ili asionekane na wageni. Yeye ndiye mgeni.

Sidai kurudishiwa chochote na chakula cha bure sikihitaji. Ninaomba mambo mawili.

La kwanza, mtu akizuiwa tena kwenye geti lile, aulizwe nambari ya chumba, na simu ipigwe chumbani. Asiulizwe anafananaje.

La pili, mume wangu yuko ufuoni sasa hivi na mtoto wetu. Hana bangili na hatapewa nyingine. Ana kaptula, ana kisu, na mtoto ana pomboo wa mti. Ninakwenda kuungana nao. Ninaomba wewe mwenyewe, au yule aliyejibu redio, mje kwenye lile geti, mlifungue kwa mkono wenu, na mumwambie karibu. Akishaingia tutachukua mizigo yetu na kuondoka kwa amani.

Tuko upande wa bahari. Tunangoja.

Wako mwaminifu,
Mke wa mgeni